Maswali kabla ya sindano ya sumu ya nyoka ni amana



Ijumaa ya leo tumeona tuzungumzie jambo ambalo ni nadra kulisikia katika mimbari zetu au katika baraza za nyumbani. Nalo ni yale yanayopaswa kuulizwa na kujibiwa kabla ya mtu aliyeumwa na nyoka kupewa dawa ya kuua sumu. Wauguzi huiita antivenomu. Wananchi wengi huiita sindano ya nyoka, na wengine huiita chanjo, ingawa chanjo siyo. Chanjo humkinga mtu kabla ya madhara kumfika, ilhali dawa hii huja baada ya sumu kuingia mwilini.

Jambo lenyewe si dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa kila mwaka watu wapatao milioni 5.4 huumwa na nyoka duniani, na wanaofariki ni baina ya 81,000 na 138,000. Wengi wao ni wakulima, wafugaji na watoto wa vijijini. Mwezi Juni 2017 shirika hilo liliiweka sumu ya nyoka katika orodha ya maradhi yaliyosahauliwa yanayostahili kipaumbele, na mwaka 2019 likatangaza mkakati wa kupunguza vifo na ulemavu wake kwa nusu ifikapo mwaka 2030. Hapa kwetu Afrika Mashariki, ni nani asiyelijua jina la koboko, la swila, au la yule mnene mvivu anayelala njiani ambaye wengine humwita kifutu na wengine bafe?

Hoja yetu ni kwamba familia zetu hukosea kwa njia mbili zinazopingana. Wapo wanaoikimbia sindano hii kwa hofu, wakasema inaua, au kwamba ina damu ya mnyama. Na wapo wanaoilazimisha, wakamfokea muuguzi kwa nini hajaichoma mara tu mgonjwa alipoingia mlangoni. Makundi yote mawili yameghafilika na jambo moja: kuuliza na kujibu.

Kuuliza ni sehemu ya tiba

Amepokea Abu Dawud kutoka kwa Jabir (R.A.) kisa cha mtu aliyepasuliwa kichwa na jiwe safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenzake kama anayo ruhusa ya kutayamamu. Wakamjibu kuwa hana, maadamu maji yapo. Akaoga, akafa. Habari zilipomfikia Mtume (S.A.W.) alikasirika sana, akawalaumu kwa kutouliza hali ya kuwa hawakujua, na akabainisha kwamba ponyo la asiyejua ni kuuliza.

Tukitafakari kisa hiki tutaona kuwa wale masahaba hawakuwa na nia mbaya. Walimpenda ndugu yao na walitaka ibada yake isihi. Lakini nia njema isiyo na elimu ilimfikisha kaburini. Vivyo hivyo leo, mama anayeficha kwamba mwanawe ana pumu, kwa kuhofia kuwa daktari atamnyima dawa, hana nia mbaya. Hata hivyo uhai wa mtoto umo katika lile neno alilolificha.

Dawa hii imetoka wapi?

Mwaka 1890, huko Berlin, Emil von Behring na mwenzake Mjapani, Shibasaburo Kitasato, waligundua kuwa damu ya mnyama aliyezoeshwa sumu ya pepopunda au ya dondakoo hujenga kingamwili zinazoweza kumwokoa mnyama mwingine. Miaka michache baadaye Mfaransa Albert Calmette akaifuata njia hiyo kwa sumu ya nyoka. Utaratibu huo ndio unaofuatwa mpaka leo. Farasi, na mahali pengine kondoo, hupewa sumu kidogo kidogo kwa muda mrefu mpaka mwili wake uizoee. Kisha hutolewa kiasi cha damu, zikachujwa kingamwili zake na kusafishwa.

Hapo ndipo penye faida na hatari kwa pamoja. Faida ni kwamba kingamwili hizo huishika sumu na kuizuia isiendelee kudhuru. Hatari ni kwamba mwili wa binadamu huweza kuziona kuwa ni kitu kigeni na kupambana nazo. Mpambano huo ndio unaoitwa mzio, au aleji kwa lugha ya mitaani. Mara nyingi huwa mwepesi, lakini mara nyingine huwa mkali kiasi cha kuziba pumzi na kuangusha shinikizo la damu.

Historia nayo imetufundisha kuwa dawa njema ikitengenezwa kwa uzembe hugeuka msiba. Mwaka 1901, katika mji wa St. Louis, Marekani, watoto 13 walifariki kwa pepopunda baada ya kuchomwa dawa ya dondakoo iliyotokana na damu ya farasi mmoja aliyekuwa ameambukizwa. Mwaka uliofuata nchi hiyo ikatunga sheria ya kusimamia utengenezaji wa dawa za namna hiyo. Basi anayeuliza dawa imetoka wapi asionekane mjuaji. Swali lake lina sababu.

Ama kuhusu farasi

Wapo ndugu zetu wanaoingiwa na shaka wakisikia neno farasi. Ni vyema ikafahamika kuwa farasi si nguruwe. Zipo hadithi sahihi, miongoni mwazo ile ya Asmaa binti Abubakar (R.A.), zinazoonyesha kuwa nyama ya farasi ililiwa zama za Mtume (S.A.W.), na hiyo ndiyo kauli ya wanazuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi wetu katika mwambao huu. Na hata kwa yule ambaye shaka yake ni juu ya damu, inajulikana kuwa dharura ina hukumu yake, na Qur'ani Tukufu imelibainisha hilo katika Suratul Baqara. Mtu ambaye kope zimeanza kumwangukia na pumzi inakatika yumo ndani ya dharura hiyo.

Ama kuhusu funga, Baraza la Fiqhi la Kiislamu katika kikao chake cha Jeddah mwaka 1997 liliamua kuwa sindano za tiba zisizo za lishe hazibatilishi saumu. Na hata kama zingebatilisha, mgonjwa ana ruhusa ya kufungua na kulipa siku nyingine. Isitokee nyumba ya Kiislamu ikamchelewesha mgonjwa mpaka magharibi.

Maswali ambayo daktari atauliza

Tunaiomba kila familia iyafahamu maswali haya leo, wakati nyumba imetulia, ili siku ya dharura yasiwe mageni.

Kwanza, ameumwa saa ngapi na amefanyiwa nini tangu hapo? Kama alifungwa kamba, alichanjwa chale, alibandikwa jiwe jeusi au alinyweshwa mizizi, semeni. Daktari hakuulizi ili akuaibishe. Kamba iliyokazwa, kwa mfano, ikifunguliwa ghafla huweza kuachia sumu nyingi kwa mara moja, hivyo atataka kujiandaa kabla ya kuifungua.

Pili, amewahi kupewa dawa iliyotokana na damu ya farasi au kondoo? Hapa wengi hujibu hapana bila kukumbuka kuwa, mbali na antivenomu, zipo dawa za pepopunda, za dondakoo na za kichaa cha mbwa zinazotokana na farasi. Aliyewahi kupewa mojawapo, na hasa aliyewashwa au kubanwa na kifua baada ya hapo, yumo katika hatari zaidi mara ya pili.

Tatu, ana pumu au mzio mkali wa chakula, wa dawa au wa wanyama? Nne, anatumia dawa gani? Zitajwe zote, za hospitali na za miti shamba. Baadhi ya dawa za presha na za moyo huufanya mzio uwe mgumu kutibika, na dawa za kuzuia damu kuganda huongeza madhara ya sumu ya nyoka wanaosababisha kutoka damu. Tano, kwa mwanamke, je, ni mjamzito? Mimba haizuii dawa hii, kwani sumu ikiachwa humdhuru mama na mtoto pamoja, lakini daktari anapaswa kujua ili awaangalie wote wawili.

Hapa tunataka tueleweke vizuri. Hakuna jibu miongoni mwa hayo ambalo peke yake humnyima dawa mtu ambaye sumu inamuua. Mwenye pumu atapewa. Aliyewahi kupata mzio atapewa pia, ikiwa uhai wake uko hatarini. Kinachobadilika ni maandalizi na uangalizi. Basi ile hofu ya kwamba tukisema kweli tutanyimwa dawa haina msingi.

Wahenga walisema aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka. Nasi tunasema, aliyewahi kushtuliwa na sindano asiikimbie. Na aiseme habari yake.

Si kila jeraha huhitaji sindano

Kundi la pili, lile linalolazimisha, nalo lina somo lake. Nyoka wengi hawana sumu ya kumdhuru binadamu, na hata mwenye sumu mara nyingine huuma bila kuitia. Kumpa dawa mtu asiyeihitaji ni kumtia katika hatari ya mzio bila faida yoyote, na pia ni kupoteza chupa ambayo kesho ingemwokoa mwingine.

Ndiyo maana daktari hutafuta dalili kwanza. Huangalia kama kope zinaanguka, kama mgonjwa anashindwa kumeza au kupumua, kama fizi zinatoka damu, au kama uvimbe unapanda mkono au mguu kwa kasi. Hutoa damu kidogo, akaiweka katika chupa ya kioo iliyo safi na kavu, akaiacha dakika 20 bila kuitikisa. Ikiwa baada ya muda huo damu bado ni majimaji, hiyo ni dalili kuwa sumu imeharibu uwezo wake wa kuganda. Dakika hizo 20, ambazo ndugu huziita uzembe, ni kazi. Na asiyeonyesha dalili haruhusiwi kuondoka upesi, kwa kuwa dalili huweza kuchelewa.

Jambo jingine linalozua ugomvi ni kipimo cha mtoto. Mzazi huona mwanawe mdogo akipewa chupa sawa na mtu mzima, akadhani muuguzi amekosea. Hajakosea. Nyoka hapunguzi sumu kwa sababu aliyemuuma ni mtoto, na dawa hupimwa kwa sumu iliyoingia, wala si kwa uzito wa mwili.

Wengine huuliza kwa nini mgonjwa hakujaribiwa kwanza kwa kudungwa tone dogo chini ya ngozi. Kwa dawa ya dondakoo, madaktari walikuwa wakifanya jaribio hilo kama kawaida, lakini tangu mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani halipendekezi lifanywe kwa kila mgonjwa. Kwa antivenomu ya nyoka, Shirika la Afya Duniani halilipendekezi, kwa sababu halitabiri vyema nani atapata mzio, na huchelewesha tiba.

Nasi tuna haki ya kuuliza

Kama ilivyo wajibu wetu kujibu, ndivyo ilivyo haki yetu kuuliza, kwa adabu. Je, dawa hii inawahusu nyoka wa kwetu? Swali hili ni zito. Antivenomu iliyotengenezwa kwa nyoka wa India si lazima imfae aliyeumwa na nyoka wa Afrika. Nchini Ghana, katika miaka ya 2000, hospitali moja ya vijijini ilibadilishiwa dawa ikaletewa isiyowafaa nyoka wa huko, na vifo vikapanda kutoka takriban 2 katika kila wagonjwa 100 hadi takriban 12. Kadhalika tuulize kama tarehe ya mwisho ya matumizi haijapita na kama imehifadhiwa inavyotakiwa. Ile ya majimaji huhitaji ubaridi wa friji, na ikionekana na ukungu haifai.

La muhimu kuliko yote, tuulize kama adrenalini iko tayari. Hiyo ndiyo dawa ya kwanza ya mzio mkali, na inatakiwa iwe karibu na kitanda kabla ya antivenomu kuanza kuingia, isije ikawa ni ya kutafutwa kabatini mgonjwa akiwa anakata roho. Kwa sababu hiyo hiyo hatukubaliani kabisa na wale wanaonunua dawa hii na kumwita jirani aje kuichoma nyumbani. Antivenomu hupitishwa katika mshipa, polepole, kwa sindano au kwa dripu, mbele ya mtu anayejua kuukabili mzio. Mtume (S.A.W.) ametufundisha, katika hadithi waliyoipokea Abu Dawud, Nasai na Ibn Majah, kwamba anayejitia utabibu hali ya kuwa hajulikani kwa elimu hiyo atawajibika kwa madhara atakayoyasababisha. Na hilo linamhusu mganga wa kienyeji kama linavyomhusu mwenye duka la dawa.

Kukaa kitandani na kurudi nyumbani

Mzio wa mapema kwa kawaida hutokea kati ya dakika 10 na saa tatu tangu dawa ianze. Ndugu aliyekaa kando ya kitanda ni msaidizi mkubwa wa muuguzi katika saa hizo. Mgonjwa akianza kujikuna, kutokwa na mabaka, kukohoa, kutapika, kukoroma kifuani au kusema moyo unaenda mbio, muuguzi aitwe papo hapo. Atasimamisha dripu, atoe adrenalini, na hali ikitulia dawa huendelea. Isichukuliwe kuwa tiba imeshindikana, na mgonjwa asichomolewe dripu akapakiwa kwenye gari kurudishwa nyumbani.

Kisha kuna mzio wa kuchelewa, ambao huja ndani ya siku 12, aghalabu karibu na siku ya saba. Mgonjwa huwa amekwisha ruhusiwa, majirani wamekwisha mpa pole, na ghafla anapata homa, anawashwa na viungo vinauma. Wengi husema amerogwa, au nyoka alikuwa wa kutumwa. Jambo hili lilielezwa na madaktari Clemens von Pirquet na Béla Schick tangu mwaka 1905, na linatibika. Arudishwe hospitali. Na jina la dawa aliyopewa na namna ilivyomfanya viandikwe katika daftari lake la kliniki, kwani hayo ndiyo majibu ya maswali ya siku nyingine.

Kabla ya kufika hospitali

Sindano bora haimfai aliyefikishwa amekufa. Aliyeumwa atulizwe, alazwe, kiungo kilichoumwa kisichezeshwe. Pete, bangili na viatu vivuliwe kabla ya uvimbe. Asifungwe kamba ya kukaza, asikatwe, asinyonywe jeraha, na nyoka asifukuzwe, kwani kumkimbiza huzaa majeruhi wa pili. Ikiwa swila amemtemea mtu mate machoni, macho yaoshwe kwa maji mengi na kwa muda mrefu, kisha apelekwe hospitali.

Kuhusu kisomo, hatupingi. Imepokewa katika Sahihi Bukhari kutoka kwa Abu Said al-Khudri (R.A.) kwamba masahaba walimsomea Suratul Fatiha kiongozi wa kabila aliyeumwa na mdudu mwenye sumu, akapona, na Mtume (S.A.W.) akaliridhia. Lakini Mtume huyo huyo ametuamrisha kutafuta dawa. Suratul Fatiha husomeka vizuri ndani ya gari linalokwenda hospitali. Anayemweka mgonjwa msalani mpaka alfajiri akidai ni kutawakali hajaifahamu tawakali.

Tuseme pia juu ya akina mama. Mwanamke aliyeumwa shambani asisubiri mume arudi kutoka safari ndipo apewe idhini, wala asifichwe mguu kwa sababu aliyeko zamu ni daktari mwanamume. Stara ni wajibu, na kuihifadhi nafsi ni wajibu. Dharura inapofika, hufunuliwa kile kinachohitajika kwa tiba, na stara hubaki kwa kilichosalia.

Wito kwa kamati za misikiti

Tunapendekeza mambo matatu yasiyo na gharama kubwa. Kila kamati ya msikiti iulize tangu sasa ni hospitali ipi ya karibu yenye antivenomu, na ijibiwe kabla ya mvua za masika, siyo siku ya msiba. Ijulikane ni gari au pikipiki ya nani itakayombeba mgonjwa usiku, na mfuko mdogo utengwe kwa ajili ya nauli na dawa, kwa kuwa chupa moja mara nyingi haitoshi na bei yake huwashinda wanyonge. Na waumini wanaokwenda Isha na Alfajiri wakumbushwe kuvaa viatu na kushika tochi. Kifutu hasogei njiani kumpisha anayekwenda kuswali.

Kwa wazazi, kumbukeni kuwa pepopunda na dondakoo, ambazo dawa zake hutokana na damu za wanyama kama hii, zinazo chanjo. Mtoto aliyekamilisha chanjo zake kliniki amepunguziwa sana haja ya kukutana na dawa hizo. Bahati mbaya sumu ya nyoka haina chanjo, na ndiyo maana maswali haya yanatuhusu.

Mgonjwa aliye mahututi hawezi kujisemea. Anayemsemea ni baba, mama, mke au jirani aliyempeleka. Kila atakalolijua na kulisema ni amana aliyoitekeleza, na kila atakaloficha ataulizwa nalo. Basi tukae na watu wa nyumba zetu jioni ya leo, tuulizane nani ana pumu, nani aliwahi kuchomwa nini, na nani anameza dawa gani, tuyaandike.

Mwenyezi Mungu atukinge na kila chenye madhara, na awape shifaa wagonjwa wetu. Amin.